Simu Iliyozima Siku

Hapo jana, ambayo kwa sheria ya nchi yetu yaweza kuwa leo asubuhi, palikuwa na simu. Jina la nchi silitaji. Jina ni mali ya serikali, na mimi sina kibali cha kulitumia. Ninyi jueni tu kuwa ni nchi njema, ina bendera, ina bunge, ina jua. Katika vyote hivyo, jua peke yake ndilo halikuwahi kusajiliwa, na mtaona lilivyotusumbua.

Mimi nina kibanda cha kuchaji simu, kando ya mahakama ya wilaya. Watu wananiita Soketi. Jina nililopewa na wazazi lipo, ila halina wateja. Niwaambie mapema kuwa mimi si mtu wa maneno, serikali naipenda, na haya nayasimulia kwa uzalendo tu.

Basi kiongozi wetu, Mheshimiwa Sana (ndivyo anavyoitwa, na ukiacha hiyo "Sana" unaitwa kituoni), alituletea Simu ya Taifa. Ikaitwa Daima. Kila mtu mzima alipewa yake, atake asitake, na kwenye boksi palikuwa na maneno ya rangi ya dhahabu: "Daima. Inakaa na chaji siku nzima kwa matumizi ya kawaida ya kila siku." Ikaundwa pia wizara mpya ya kulisimamia jambo hilo, Wizara ya Mawasiliano na Uchaji. Mashehe na maaskofu wakapeleka pongezi, wakidhani serikali hatimaye imeanza kumcha Mungu. Waziri wake, Dakta Tindo Makasha, alizipokea bila kuwasahihisha.

Simu yenyewe ilikuwa nzuri, haki ya Mungu. Nyembamba, inang'aa, na nyuma ina picha ya Mheshimiwa Sana akitabasamu. Unaichaji alfajiri mpaka inajaa pomoni, unaitia mfukoni, unakwenda zako kazini. Ikifika saa sita mchana imezima. Hujapiga, hujapigiwa. Ile picha ya nyuma inabaki kutabasamu vilevile. Biashara yangu ilichangamka, kwa hiyo mimi binafsi sikuona kasoro yoyote.

Sasa yupo jirani yangu mmoja, Matano, fundi cherehani, mume wa Mama Zawena. Matano ana ugonjwa mmoja: akiulizwa swali, anajibu. Tulimwonya tangu ujana wake. Waziri Tindo alipokuja ziarani alipanda jukwaani mchana, jua la utosi, akauliza kama ilivyo desturi yake, "Wananchi, simu zenu ni nzima?" Uwanja wote ukaitika kuwa ni nzima. Hapo kila mtu ana simu iliyokufa mfukoni, lakini swali la waziri si swali, ni salamu, na salamu huitikiwa. Kelele zilipotulia, Matano akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeomba apitishiwe chumvi:

"Yangu imezima."

Watu wakacheka. Kosa lilikuwa hapo. Angesema tukanyamaza, yangehesabiwa kuwa maoni. Tulipocheka yakawa uchochezi, na kabla vumbi la kicheko halijatua Matano alikuwa ameshapakiwa garini.

Akashtakiwa kwa kosa la kuizulia kifo Simu ya Taifa. Simu yake ikawekwa mezani mbele ya hakimu, ikabandikwa kijikaratasi: Kielelezo cha Kwanza. Mwendesha mashtaka akasoma yale maneno ya boksi kwa mbwembwe, na alipofika penye "siku nzima" akarudia, akameza mate, akarudia tena. Matano hakubishana naye. Aliomba tu simu ichajiwe ijae, kisha iwekwe pale pale na wote waitazame. Ikachajiwa kwangu, ikarudishwa, ikatazamwa. Hakuna aliyeigusa. Saa sita ikatoa mlio mdogo wa kuaga, ikazima.

Mahakama ikashikwa na kigugumizi. Siku bado nzima, simu imezima. Lazima mmoja kati yao awe mwongo. Simu haiwezi kuwa mwongo, ina picha ya Mheshimiwa Sana. Hakimu akaona maji yamemfika shingoni, akaahirisha kesi na kulipeleka swali wizarani.

Jibu alilileta Waziri Tindo mwenyewe. Huyu bwana amesoma, jamani. Amesoma mpaka akisema "habari za leo" unatafuta kalamu. Akasimama kizimbani, ingawa hakuwa shahidi, akasema:

"Wazee wetu walitufundisha kwamba siku huisha nuru inapozima. Wakaishia hapo. Naomba mwenye elimu zaidi anionyeshe ni wapi wazee walitaja nuru ipi."

Hakuna aliyeweza kumwonyesha. Basi akafunga hoja kwa upole kabisa: simu haikuzima ndani ya siku. Siku ndiyo iliyokwisha saa sita, na simu, kwa utiifu wake, ikazima pamoja nayo. Ilikaa na chaji siku nzima, kama ilivyoahidi. Aliyesema vinginevyo aliisingizia.

Matano akatiwa hatiani. Na bahati ilivyo, siku ile ile taifa lilikuwa linasherehekea kwamba Mheshimiwa Sana amebakiza siku mia katika muhula wake. Zamani katiba yetu ilihesabu muhula kwa miaka. Mheshimiwa Sana aliibadilisha isomeke "siku elfu tatu nzima", kwa sababu elfu tatu inaimbika vizuri zaidi kwenye nyimbo za kumpokea. Sherehe haikuwa ya kuagana, msije mkanielewa vibaya. Bunge lilikuwa limeshapanga kwamba katika siku zile za mwisho litakaa na kumwongezea elfu tatu nyingine, kwa ngoma na pilau. Hakimu, kwa kuiheshimu sherehe hiyo, akampa Matano kifungo cha siku mia nzima. Watu wakapiga makofi. Na mimi nilipiga, kiasi.

Mama Zawena hakupiga. Binti yao, Zawena, alikuwa ameposwa na kijana mmoja mtulivu aitwaye Idarusi, ambaye alipata kazi ya mkataba nchi ya mbali. Ndoa ilipangwa ifungwe mwezi ukiandama, alasiri, na magharibi yake bwana harusi apande basi la kwenda kwenye ndege. Wazee wa upande wake walishasema wazi kuwa akiondoka bila ndoa, posa imekufa. Na mwezi ulikuwa umebakiza wiki tatu na ushei.

Watu wakashauri baba mdogo amwozeshe binti kwa niaba. Ndipo tulipojua kuwa ugonjwa wa Matano ni wa kurithi. Zawena aliulizwa, akajibu.

"Baba yangu ni mzima," alisema. "Anioze yeye. Mtu mwingine akikaa pale wakati baba ni mzima, mimi ile 'ndiyo' siitamki."

Mama wa watu akaja kibandani kwangu, akakaa kwenye benchi la wateja, akalia mpaka simu mbili zikajaa. Mumewe yuko ndani kwa neno moja, mwanawe anakosa mume kwa hesabu ya siku, na hakuna hata wa kumgombeza. Nilimpa maji ya kunywa. Sikuwa na kingine cha kumpa, na iliniuma.

* * *

Sheria ikaanza kazi. Kwa kuwa simu ya Matano ndiyo iliyotolewa hukumu, ndiyo ikawa kipimo cha siku kwa nchi yote. Ikizima, siku imekwisha. Ikijaa, kumekucha. Mahakama ilikuwa imekatiwa umeme, kwa hiyo Kielelezo cha Kwanza kikaletwa kibandani kwangu, kikatundikwa kwa kamba, na juu ya paa wakafunga king'ora kilichounganishwa na redio ya taifa. Nikavalishwa kofia na kupewa cheo: Mkuu wa Mapambazuko. Kabla ya hapo sikuwahi hata kuwa kiranja.

Likilia la mgambo kuna jambo, na letu lilikuwa linalia saa sita mchana. Redio inawatakia wananchi usiku mwema, ofisi zinafungwa, walimu wanawaaga watoto. Nikishaijaza simu nabonyeza tena, redio inasema kumekucha, na watu wanaamkiana upya na jasho la mchana usoni. "Umeamkaje?" "Nimeamka salama, sijui wewe." Wenye nyumba ndio waliokuwa wa kwanza kuielewa sheria, mwezi haujafika nusu wamesimama mlangoni wanadai kodi. Wageni nao walipata tabu. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sasa mtu anashuka kwenye basi asubuhi na kuku wa zawadi mkononi, na kesho yake kabla ya chai ameshakabidhiwa jembe. Ile methali nyingine, ya siku za mwizi ni arobaini, ilipigwa marufuku kabisa, maana wakubwa kadhaa walianza kukosa usingizi.

Jua ndilo lililokuwa jeuri. Siku imekwisha kisheria, lenyewe liko pale pale angani linachoma. Wizara ililitolea onyo redioni mara mbili. Sheikh Mbaruku wa mtaani kwetu naye aliendelea kuswalisha kwa jua na kuhesabu kwa mwezi, na maafisa walipokwenda kumhoji aliwaambia kwamba yeye anafuata maelekezo ya mwenye jua. Wakamwacha, kwa kuwa hawakujua ofisi hiyo iko ghorofa ya ngapi.

Haya, siku zikawa zinakwenda mbili kwa jua moja. Hata hivyo, ukipiga hesabu yako ya vidole, siku mia za Matano zingekwisha wakati Idarusi yuko huko ughaibuni anavaa makoti. Asubuhi moja, nadhani ilikuwa asubuhi ya pili ya jua lile, Mama Zawena alikuja kibandani akaitazama simu ya mumewe. Ilikuwa inaning'inia kwenye kamba yake, haina kazi.

"Shemeji," akaniambia, "mbona hii imekaa tu?"

Nikamweleza kuwa ni kielelezo cha taifa na haiguswi.

"Ni simu ya mume wangu. Na boksi limesema matumizi ya kawaida ya kila siku. Kukaa tu ni matumizi, shemeji?"

Mimi si mwanasheria, lakini boksi najua kulisoma, na kweli halikusema kukaa tu. Nikamwambia hivyo. Akapanga upindo wa kanga yake, kisha akaniuliza, kwa upole kama anayeuliza bei ya nyanya, kama simu ikitumika inakula chaji. Nikasema inakula. Akauliza kama inakula sana. Nikasema Daima, shemeji, ikitumika haili, inafakamia. Tukatazamana. Nikaivua kofia yangu, nikaiweka juu ya stuli, nikamfungulia mlango wa kibanda.

* * *

Siku ile ya kwanza aliwasha tochi, akapandisha mwanga wa kioo mpaka mwisho, akaweka taarabu. Siku ikazima kabla maharage ya jirani hayajaiva. Nikabonyeza king'ora, redio ikatutakia usiku mwema. Na Daima, tuseme haki, ilikuwa na sifa moja ya kweli: ilijaa upesi kama ilivyokwisha. Kukakucha. Akaanza tena.

Kesho yake alikuja na dada zake, na keshokutwa, yaani mchana ule ule, wakaja mashoga. Matumizi ya kawaida ya nyumba yenye harusi mnayajua. Ilibidi kila kitu kipigwe video: kukuna nazi, kusaga liwa, kujaribu viatu, ugomvi wa nani kaharibu hina. Shangazi aliye mbali alipigiwa akaonyeshwa sahani moja moja, na aliposema hakuiona vizuri ile ya maua akaonyeshwa zote tangu mwanzo. Simu ilipata moto mpaka wakawa wanaishika kwa kitambaa cha kuepulia sufuria. Siku zikaenda tatu kwa jua, zikaenda nne, mpaka likapatikana jua lililobeba tano, na mimi mkono umekufa ganzi kwa kubonyeza.

Gereza liko ng'ambo ya uwanja, mkabala na kibanda changu. Mkuu wake, Afande Kisanga, ni mtu wa kanuni. Akiota ndoto isiyo na kibali anaamka. Alikuwa anahesabu kwa king'ora, na kwa kila kulipokucha alimpelekea mfungwa uji wa asubuhi kama kanuni inavyotaka. Matano, aliyeingia mwembamba kama uzi wake, akawa anapewa uji mara tano kwa jua moja. Alianza kunenepa.

Mtadhani serikali iliingiwa na hofu. Wapi! Ilifurahi. Mipango ya miaka ilikuwa inakamilika kwa wiki, angalau kwa upande wa miaka. Magazeti yakaandika kuwa taifa letu limeiwahi kesho, na majirani zetu bado wako jana. Mheshimiwa Sana akaagiza Kielelezo cha Kwanza kitafutiwe nishani.

Kwenye bunge tu ndiko mambo yalikokwama. Kikao cha kumwongezea muhula kilipangwa siku maalumu. Wabunge wakatoka majimboni leo, wakafika mjini, siku ya kikao imeshapita. Ikapangwa nyingine. Waliokuwa karibu wakawahi, wakasimama kuimba wimbo wa taifa, ubeti wa pili king'ora kikalia, Spika akaahirisha mpaka kesho. Kesho ikaja wakiwa kwenye chai. Ikaondoka wakiwa kwenye chai. Nasikia kuna mheshimiwa mmoja mzee aliyekuwa na tabia ya kusinzia bungeni, na safari moja alisinzia Jumatatu akaamshwa Alhamisi.

Washauri wakapata dawa. Mheshimiwa Sana aje mwenyewe mjini kwetu na bunge zima, wakae mbele ya simu yenyewe, na wapitishe azimio siku haijaisha. Wakachagua siku ya mwisho, ile ya mia, ili iwe na uzito. Mwezi nao ulikuwa umeandama jana yake. Ikawa siku ya harusi ya Zawena.

* * *

Alfajiri walikuja askari wakawatoa wanawake kibandani kwangu. Simu ikachomekwa kwenye chaji, na Waziri Tindo akaamuru isichomolewe mpaka Mheshimiwa Sana afike. Saa sita ikapita, king'ora kimya. Watu walikuwa wamezoea kulala saa hizo. Wakawa wanapiga miayo uwanjani.

Mpango alinieleza Waziri mwenyewe, kwa furaha, akiniita "Mkuu mwenzangu". Simu ingewekwa kwenye kigoda mbele ya jukwaa, impige video Mheshimiwa Sana akitoa hotuba fupi ya ukurasa mmoja. Bunge lingepitisha azimio kwa kauli moja. Kisha Kielelezo kingevishwa nishani, kikarudishwa kwenye chaji, na kisichomolewe tena kamwe.

"Siku ya leo," alisema, "haitakwisha tena. Tumechoka na kesho."

Mama Zawena alikuwa amesimama nyuma yangu na sinia la kashata. Alisikia. Siku ya leo isipokwisha, Matano habaki ndani mpaka jioni wala mpaka mwaka ujao. Anabaki ndani moja kwa moja. Niligeuka nikamwona uso umemsawijika. Kisha akaniuliza ile hotuba ni ya ukurasa mmoja kweli. Nikamwambia ndivyo nilivyosikia. Akalipitisha sinia kwa mashoga zake, na kila aliyechukua kashata alinong'onezwa kitu.

Mheshimiwa Sana akaja saa nane na nusu, amechelewa kwa heshima zote. Simu ikachomolewa, ikawekwa kigodani, ikaanza kupiga video. Upande wa pili wa uwanja Sheikh Mbaruku alikuwa ameshatandika mkeka barazani pa msikiti, Idarusi kakaa na kanzu yake nyeupe, begi la safari ubavuni. Zawena yuko ndani na hina yake, hataki kuzungumza na mtu.

Ukurasa ule mmoja ulisomwa kwa muda mfupi sana. Mheshimiwa Sana alikuwa anaukunja arudi kitini, Spika ameshanyanyuka nusu, pale Mama Zawena alipopiga kigelegele. Wanawake wote wakampokea. Wakaomba, kwa unyenyekevu, Mheshimiwa Sana awasimulie utoto wake.

Lazima mwelewe uzito wa jambo hili. Nchini kwetu watu hupelekwa kwenye hotuba kwa malori na kuzuiwa kuondoka kwa kamba. Haijawahi kutokea, tangu nchi iwe nchi, mtu akaomba hotuba iendelee. Mheshimiwa Sana alisimama akiwa ameshika ile karatasi, na mimi nilimwona, machozi yalimlengalenga. Akaitupa karatasi. Akasimulia alivyozaliwa, mvua iliyonyesha, ng'ombe waliolia. Akasimulia shule aliyosoma, na ile ambayo hakuisoma ila ilimpa shahada. Kila alipopunguza kasi, kigelegele. "Na vita vile vya mpakani, baba!" Akasimulia vita. "Na ulivyomchumbia mama!" Akasimulia, na hapo hata askari wakasogea wasikie.

Simu kigodani ikaanza kupata moto. Waziri Tindo alikuwa karibu nayo, na niliona shingo yake inalowa. Asingeweza kumkatiza Mheshimiwa Sana; waliowahi kumkatiza tunawakumbuka kwa majina tu. Akanigeukia, akanifanyia ishara ya chaja, akaninyooshea vidole kwa hasira. Mimi ni mtumishi mtiifu. Nilichukua waya mrefu wa kuunganishia, nikauburuta kutoka kibandani mpaka kigodani mbele ya macho ya taifa zima, nikachomeka chaja kwenye simu. Waziri aliniona nikichomeka, akafuta jasho, akanipa dole gumba. Kuhusu swichi ya ukutani kule kibandani hakuniuliza, na mimi, kama nilivyosema mwanzo, si mtu wa maneno.

Mheshimiwa Sana alikuwa amefika kwenye kisa cha jinsi alivyobuni Daima. Akanyanyua mkono kuonyesha ukubwa wa wazo lililomjia. Simu ikatoa mlio mdogo wa kuaga.

Sheria ni sheria. Nikakimbia kibandani, nikabonyeza king'ora.

Ng'ambo ya uwanja geti la gereza likafunguka. Afande Kisanga alikuwa amesimama nyuma yake tangu asubuhi, mkono kwenye kitasa, akisubiri kanuni. Matano akatoka, fundi cherehani ambaye kanzu yake mwenyewe ilikuwa inambana kila mahali, akawa anatembea kwa hatua fupi kuogopa mishono. Uwanja ukawa kimya mpaka ukasikia kanzu inalalamika. Jukwaani, Mheshimiwa Sana alikuwa bado na mkono hewani.

"Mbona kimya?" akauliza kwenye kipaza sauti. "Kuna nini?"

Na Matano, mnamjua, akiulizwa anajibu.

"Imezima, mzee."

Safari hii hakuna aliyecheka. Haikuwa na haja.

Spika ndiye aliyetangulia kuelewa. Alisimama kusoma azimio, akafungua mdomo, akakumbuka kuwa muhula wa bunge umekwisha pamoja na wa mkubwa wake, akakaa chini kama raia. Walinzi wakatazamana, wakakumbuka kuwa likizo yao inaanza leo, au kesho, wakavua miwani myeusi. Waziri Tindo akapiga kelele kwamba siku inaweza kuchajiwa, ichajiwe upesi, iendelee pale ilipoishia. Afande Kisanga, aliyekuwa ameshavuka uwanja kumsindikiza mfungwa wake wa zamani, akamwomba kwa adabu amwonyeshe ni wapi wazee walitaja kuchaji siku iliyokwisha.

Hakuweza kumwonyesha.

Matano akapita katikati ya watu, akakaa mkekani mbele ya Idarusi, wakashikana mikono, na Sheikh Mbaruku akawafungisha kabla jua halijatua, lile lile jua lisilosajiliwa. Zawena alipoulizwa alijibu, akaitamka ndiyo yake mpaka ikasikika barabarani. Mama Zawena alilia tena, kilio cha furaha safari hii, akishikilia mkono wa kanzu ya mumewe ambao ulikuwa umeshachanika. Basi la magharibi lilimkuta Idarusi ni mume wa mtu.

Jioni hiyo kibandani palijaa, maana kila mtu alitaka kumpigia jamaa yake wa mbali amsimulie, na Daima zote zilikuwa zimekufa tangu saa sita. Nilikuwa na foleni mpaka kwenye mtaro. Akaja mzee mmoja, suti nzuri, hana mtu. Alitaka kumpigia dereva wake, sijui ndugu yake, mtu yeyote wa kuja kumchukua. Akaninyooshea Daima yake juu ya vichwa vya watu. Nyuma ilikuwa na picha yake mwenyewe, inamtabasamia.

Nikamwambia foleni, mzee, wa mwisho ni yule mama mwenye kanga ya kijani. Akaenda akasimama nyuma ya mama mwenye kanga ya kijani. Zamu yake ilipofika nikaichukua simu, nikaichomeka, nikawasha na swichi. Nikamwonyesha benchi. Akakaa, akaweka mikono magotini, akaniuliza kwa unyonge itachukua muda gani.

"Siku nzima, mzee," nikamwambia.